Chura na chumvi hawaonani, lakini jamaa zake walikaa baharini

Mtoto yeyote aliyelelewa katika pwani yetu anajua kuwa chura na chumvi hawaonani. Tulipokuwa chuoni, birika ya msikiti wetu haikukosa vyura, na maalim wetu hakuruhusu hata mmoja wao atupiwe kijiwe. Alitueleza habari mashuhuri ya tabibu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtumia chura katika dawa, akakatazwa kumwua. Basi mwenzetu mmoja, mtoto mwenye maswali kuliko umri wake, alimteka chura ndani ya kifuu, akateremka naye ufukoni, akamtia majini. Hakumpiga wala hakumkanyaga. Chura alipiga miguu mara mbili tatu, akalegea, akageuka tumbo juu.

Maalim alipopata habari, bakora ilifanya kazi yake siku hiyo. Walakini swali la yule mtoto lilikuwa swali la haki, na halikujibiwa: itakuwaje mnyama wa maji afe kwa kutiwa majini?

Jibu liko katika ngozi. Chura hanywi maji kwa kinywa kama sisi. Huyanywa kwa ngozi yake laini, na pia huvutia pumzi kwa ngozi hiyo hiyo. Akiwa katika maji matamu, maji huingia mwilini, naye akayatoa kwa mkojo. Akiingia katika maji ya chumvi mambo hugeuka, kwani chumvi huvuta maji. Bahari humnyonya kama vile chumvi inavyomnyonya papa aliyepasuliwa na kuanikwa juani. Ndiyo sababu katika jamii yote ya vyura na ndugu zao, ambao leo wanahesabiwa kupindukia aina 8,000, hakuna hata aina moja inayoishi maisha yake yote baharini. Yuko chura mmoja wa Asia ya Kusini Mashariki, mla kaa, ambaye huingia katika mikoko na kustahimili maji ya chumvi kwa muda. Huyo huiweka damuni ile takataka ambayo sisi tunaitoa katika mkojo, na damu ikiwa nzito namna hiyo bahari haiwezi kuinyonya upesi. Papa na taa nao wana hila hiyo hiyo. Lakini hata huyo mla kaa makao yake ni ukingoni tu, na hakuna aliyepata kumwona katika maji makuu.

Sasa, wasomaji wapenzi, nataka kuwaeleza habari za jamaa wa vyura ambao bahari haikuwashinda. Waliingia katika maji ya chumvi, wakaogelea pamoja na papa na amonaiti, wakaenea dunia nzima, kisha wakatoweka. Wataalamu wa viumbe vya kale wanawaita trematosauri, na ukoo wao mzima kwa jina la kitaalamu ni Trematosauridae. Sababu ya kuwaletea habari zao katika ukurasa huu wa mambo yetu ni moja tu: baadhi ya mabaki yao bora yametoka Bukini, na siku walipokuwa hai, Bukini haikuwa ng'ambo. Ilikuwa imegandamana na pwani hii tunayoikalia.

Msomaji asidhani kuwa walikuwa vyura wa kuruka. Vyura wa leo ni watoto wa ami zao tu, kwa rai ya wataalamu wengi. Trematosauri alikuwa na umbo la kukaribia mamba mwembamba, mwenye mkia, na wengi wao walikuwa na urefu wa kama mita moja hadi mbili. Kichwa chake kilikuwa cha pembe tatu, kirefu kuliko kipana. Tena ukoo ulikuwa na matawi mawili. Tawi moja lilikuwa na pua ya kadiri. La pili lilikuwa na pua iliyochongoka ikarefuka mno, hata ukiutazama mfupa wa kichwa utafikiri ni mamba wa mto Ganga, yule mwenye domo jembamba la kukamatia samaki, au utamkumbuka chuchunge wetu. Domo hilo lilijaa meno makali, na jino lenyewe ukilikata na kulitazama ndani, utaona mikunjo juu ya mikunjo, kama njia za vichochoro vya Mji wa Kale ambazo mgeni huingia asijue pa kutokea.

Jina Trematosaurus ni la Kigiriki, na maana yake ni mjusi mwenye tundu. Tundu lenyewe liko utosini, baina ya macho na nyuma yake kidogo. Wanyama wengi wa kale walikuwa nalo, na mijusi kadha ya leo ingali nalo, nalo huwasaidia kuhisi mwanga. Mfupa wa kwanza ulioupatia ukoo huu jina ulichimbuliwa Bernburg, nchini Ujerumani, katika karne ya 19.

Lakini alama inayonivutia mimi zaidi ni mifereji. Juu ya mifupa ya kichwa cha trematosauri pamechorwa mifereji iliyopita kando ya macho na kuelekea puani. Mvuvi akimtazama changu au kolekole ubavuni ataona mstari uliotoka kichwani ukaenda hadi mkiani. Mstari huo ni sikio la samaki la kusikilizia mwendo wa maji. Kwa huo hujua kitu kinachomjia gizani kabla hajakiona. Mifereji ya trematosauri ilikuwa ya kazi hiyo hiyo. Mnyama wa kukaa ukingoni na kuota jua hahitaji chombo kama hicho. Huyu alikuwa mwindaji wa ndani ya maji.

Na chumvi je? Ngozi haikubaki jiwe, wala damu. Kinachotoa ushahidi ni majirani zake. Katika visiwa vya Spitsbergen, kaskazini kabisa ya dunia karibu na ncha ya barafu, mifupa ya trematosauri aitwaye Aphaneramma imelala katika tabaka moja na samaki wa baharini na amonaiti. Hao amonaiti walikuwa jamaa wa pweza na ngisi, wenye gamba lililojipinda mfano wa pembe ya kondoo dume, nao hawakuishi popote ila baharini. Arthur Smith Woodward wa Uingereza ndiye aliyempa Aphaneramma jina lake katika mwaka 1904, na baadaye Carl Wiman wa Sweden akaandika juu ya jamaa zake wengine wa visiwa hivyo. Wamepatikana pia Greenland, Urusi, Afrika ya Kusini, Marekani na Australia ya Magharibi. Na katika Pakistan wamepatikana katika milima ambayo jina lake ni Milima ya Chumvi. Kumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Si wote walikuwa wa baharini. Wengine mifupa yao imo katika mawe ya mito. Ni ukoo uliokuwa na mguu mmoja mtoni na wa pili baharini, na kwa ajili hiyo uliweza kufika mbali.

Zama zao ni zile zinazoitwa Triasi, zilizoanza miaka milioni 252 iliyopita. Zilianza kwa msiba. Volkano za Siberia zilitapika moto na moshi kwa muda mrefu, hewa ikaharibika, bahari ikapata joto na kukosa pumzi, na wataalamu wanakisia kuwa katika kila aina 10 za viumbe vya baharini, aina 8 au 9 zilikwisha. Haujapata kutokea msiba mkubwa kuliko huo katika historia ya viumbe. Trematosauri waliingia katika bahari iliyobaki kama mji uliohamwa. Katika muda ambao kwa hesabu ya majabali ni kufumba na kufumbua, walikuwa wameenea pande zote. Kisha wakaja wanyama wengine wa baharini, mijusi mikubwa iliyojifanya samaki, na nafasi ikawa finyu. Kabla zama za Triasi hazijakwisha, trematosauri hawasikiki tena.

Hapa najua wako wasomaji watakaotikisa kichwa. Miaka milioni 252! Mimi nimesoma chuoni kabla sijasoma gazeti, na jambo hilo halinitishi. Walimu wetu walitufunza kwamba siku mbele ya Mola hazipimwi kwa saa zetu, na kwamba tumeamrishwa kutembea na kutazama. Na waliotangulia kutazama walikuwa watu wetu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 na kufa karibu na mwaka 1048, aliandika kuwa jangwa la Arabuni lilikuwa bahari, na hoja yake ilikuwa magamba ya wanyama wa baharini yaliyotokea ndani ya mawe watu walipochimba visima. Ibn Sina, aliyeishi zama hizo hizo, alieleza jinsi viumbe vinavyogeuka mawe na jinsi milima inavyofanyika kwa muda mrefu. Wazungu walikuja kuyasema hayo baada ya karne nyingi. Basi atakayesema kwamba elimu hii ni ya kigeni, na aanze kwa kumtoa al-Biruni katika Uislamu.

Turudi Bukini. Nahodha wa zamani akitaja Bukini humkusudia Majunga na Nosi Be, bandari ambazo majahazi yetu yalizijua, na ambamo Kiswahili kilisikika madukani na misikitini. Kaskazini zaidi, upande wa Ambilobe, nchi ya Waantankarana ambao wengi wao ni Waislamu, yako mawe ya mviringo mfano wa viazi vikubwa. Yaokote, ulipige moja kwa nyundo ubavuni, nalo hufunguka vipande viwili kama kokwa. Aghlabu ndani hamna kitu. Lakini mara nyingine mna samaki mzima, magamba na mapezi, kama aliyekandamizwa kwa pasi. Na mara chache sana mna trematosauri.

Mwaka 1961 Mfaransa Jean-Pierre Lehman alimpa jina la Wantzosaurus mmoja wa hao wa Bukini wenye pua ndefu. Na mwaka 2002 Mfaransa mwingine, Jean-Sébastien Steyer, alieleza habari za trematosauri wa Bukini ambaye mifupa yake ilikuwa bado imeungana kama alivyokufa. Jambo hilo lilikuwa na uzito, kwani kabla yake watu walikuwa wakivijua vichwa zaidi kuliko viwiliwili, mfano wa mtu aliyewajua jirani zake kwa kuwaona dirishani tu.

Katika mawe ya namna hiyo hiyo ya kaskazini ya Bukini alipatikana pia mnyama mdogo wa kadiri ya sentimita 10, ambaye Jean Piveteau alimwandika mwaka 1936. Leo anaitwa Triadobatrachus, naye ni mmoja tu duniani. Hajapatikana wa pili. Ana kichwa cha chura kabisa. Lakini uti wake una pingili 14 mbele ya nyonga, na hali vyura wa leo hawazidi 10, tena ana kimkia. Huyu ndiye chura aliye njiani kuwa chura. Na katika mawe hayo wamo vile vile samaki wa ukoo wa silakanti, wale ambao ndugu zetu wa Ngazija na Nzuani wanawaita gombesa. Dunia nzima ilidhani wamekwisha zamani, hata akavuliwa mmoja Afrika ya Kusini mwaka 1938, wa pili akavuliwa na Ahmadi Abdallah, mvuvi wa Nzuani, mwaka 1952, na mwaka 2001 akatokea mmoja katika wavu wa meli nje ya Malindi. Hebu fikirini: mtoto wa ami wa trematosauri yumo birikani mwetu, jirani yake wa zamani yumo katika vilindi vya Malindi, na mwenyewe amebaki jiwe.

Sasa tazameni ramani. Kabla ya miaka milioni 160 hivi, Bukini haikuwa kisiwa. Ilikuwa imeshikamana na Afrika, ubavu wake ukielekea Tanzania, Kenya na Somalia. Kisha ardhi ikapasuka, bahari ikaingia kati, na Bukini ikateleza polepole kwenda kusini hata ilipo leo. Kwa hivyo bahari walimoogelea trematosauri wa Bukini haikuwa bahari ya watu wengine.

Ushahidi uko katika njia ya Nairobi. Ukitoka kisiwani Mombasa unatoka juu ya jiwe la matumbawe, ambalo kwa hesabu hizi ni jiwe la jana. Ukivuka Changamwe unakanyaga udongo mgumu wenye amonaiti. Ukipanda Mazeras unafika katika mawe ya mchanga, ambayo yana magogo ya miti yaliyogeuka jiwe. Mbele yake ni mawe ya Mariakani. Kisha unafika Maji ya Chumvi. Kila hatua ya kwenda bara ni hatua ya kurudi nyuma katika zama, na hapo Maji ya Chumvi umefika katika zama za trematosauri. Mahali hapo paliitwa hivyo kwa sababu ya maji yake ya magadi na chumvi, ambayo wasafiri wa misafara waliyajua kwa midomo yao. Mawe ya hapo ni mabapa mabapa, yamelaliana kama kurasa. Na ndani ya kurasa hizo wapimaji wa mawe wa serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1950, waliandika habari za samaki waliogeuka jiwe, samaki wa zama zile zile na wa jamaa zile zile za Bukini. Pakistan wana Milima ya Chumvi na trematosauri wao. Sisi tuna Maji ya Chumvi, na samaki ambao trematosauri alikuwa akiwala.

Niruhusiwe neno moja la mzaha kabla sijaendelea. Mwanafunzi mmoja wa fikihi, nilipomsimulia habari hizi, aliniuliza kama mnyama huyu angalikuwa halali. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kama inavyosomeshwa katika Minhaji, mnyama wa baharini ni halali, na mnyama wa kuishi pande mbili, nchi kavu na majini, kama chura, si halali. Huyu ni ndugu wa chura, lakini makao yake bahari. Nilimjibu kuwa amechelewa miaka milioni 200 na zaidi, na kwamba kitoweo hicho kingemvunja meno. Naye akasema swali la fikihi halina tarehe.

Tatizo letu ni kwamba mawe yale yanachimbwa. Yeyote mwenye nyumba Mombasa anayajua mawe bapa yanayoletwa kutoka Mazeras na nyuma yake, ya kutandazwa uani, katika njia za bustani na katika vibaraza. Kazi hiyo inalisha watu wengi, na mimi siyalaumu machimbo wala wachimbaji. Lakini mchimbaji hulifungua jiwe kwa patasi na nyundo, ukurasa baada ya ukurasa, vile vile kama wanavyopasua yale mawe ya viazi huko Ambilobe. Tofauti ni kwamba kule ng'ambo mpasuaji anajua anachokitafuta, na akikiona atakiuza kwa mgeni au atakipeleka kwa mtaalamu. Huku kwetu jiwe lenye uvimbe katikati, au lenye doa jeusi na mistari mistari, ni jiwe bovu. Fundi halitaki, kwa kuwa halikai sawa sakafuni.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka aliyevumbua kitu cha namna hii aarifu. Sheria ni nzuri. Ila mtu ataarifu vipi juu ya kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha kuwa ni kitu? Watoto wetu wa skuli za Mariakani na Samburu wanafundishwa habari za dinosau wa Marekani, na wengine wanaweza kukutajia majina yao kwa ufasaha, na hali wanakwenda na kurudi skuli juu ya mawe yenye samaki wa zama zilizowatangulia dinosau wote hao. Picha moja tu ya samaki wa Maji ya Chumvi, na ya pili ya kichwa cha Wantzosaurus, ikibandikwa katika ofisi ya chifu na katika kibanda cha machimbo, ingetosha kuwafumbua macho watu mia. Haina gharama kuliko ya mabango ya siasa.

Nimeyatazama mawe ya kibaraza cha jirani yangu. Moja lina mikunjo midogo midogo iliyofuatana, mfano wa mchanga wa ufukoni maji yanapokupwa. Ni alama za mawimbi ya maji ya kale kabisa, zimekauka zikawa jiwe, na juu yake jirani yangu huweka jamvi, tukanywa kahawa baada ya Isha. Nilimwonyesha. Aliinama akapitisha kidole katika kila mkunjo, kisha akaita wajukuu zake walete taa.

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja hadi machimboni. Mawe mazuri yalikuwa yamepangwa kando ya njia yakingojea lori. Yale mabovu, yenye uvimbe na madoa, yalikuwa lundo nyuma ya kibanda, na vijana wawili walikuwa wakiyavunja kokoto.